Bibi, mwembe, na picha tatu bila stendi

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi, na wengine mmeanza kuniuliza kafteria kama nimeacha chuo. Sijaacha jamani, nipo. Nilikuwa nimezama kwenye vitu viwili: insha ya kozi ya historia ya sayansi na teknolojia, na kamera ya zamani ya mjomba. Vikaishia kuwa kitu kimoja, kwa hiyo leo nawamwagia yote hapa. Ni ndefu, vuteni kiti.

Ilianzia Pangani. Likizo fupi ya Pasaka nilikwenda kumsalimia bibi mzaa mama. Nyuma ya nyumba yake kuna mwembe alioupanda marehemu babu mwaka waliohamia pale, na sasa mizizi imeanza kuinua ukuta wa jirani. Vikao vimekaa, wajomba wameamua: mwembe unakatwa kabla ya mvua za vuli. Bibi hakubisha. Alitaka kitu kimoja tu, apigwe picha akiwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, kwenye kigoda, mlangoni mwa jiko, na mwembe uonekane nyuma yake. Picha yake ya siku hizi ni moja tu, ile ya kitambulisho cha taifa, na anaichukia kuliko nyoka.

Kazi ndogo, si ndiyo? Nikaingia jikoni, nikageuka kuelekea mlangoni, bibi mbele yangu kivulini, mwembe kule nje juani. Nikatoa simu yangu (mnaijua, ile yenye kioo kilichopasuka, msinicheke), nikapiga. Nikampelekea aone.

"Mume wangu," akasema bibi, "mbona umenifanya mkaa?"

Kweli. Mwembe umetoka vizuri, majani yote unayahesabu, lakini bibi ni kivuli kilichovaa leso. Nikagusa uso wake kwenye kioo ili simu ipime mwanga pale, nikapiga tena. Sasa bibi anaonekana mpaka mikunjo ya macho, ila nje kumekuwa kweupe pee kama shuka limeanikwa. Mwembe hakuna. Nikawasha ile sehemu ya HDR ya simu yangu: mwembe ukarudi kidogo, lakini uso wa bibi ukawa kama umepakwa majivu, na mkono aliousogeza ukatoka na vidole saba. Bibi akacheka sana kwa hilo. Mimi sikucheka.

Nilirudi chuo na hilo jambo kichwani. Na kwa kuwa lekchara alikuwa ameshatugawia insha (chagua tatizo moja la kiufundi, eleza watu wamehangaika nalo vipi kwa muda mrefu), nikachagua mkaa wa bibi.

Kwanza tatizo lenyewe. Juani saa sita mchana mwanga unafika kama laksi 100,000. Ndani ya jiko lisilo na dirisha unaweza kukuta laksi 100 tu. Hiyo ni tofauti ya mara elfu. Wapiga picha wanahesabu kwa hatua, na kila hatua maana yake ni mwanga kuongezeka maradufu, kwa hiyo mara elfu ni kama hatua kumi. Jicho halioni shida kwa sababu halitulii, linaangalia bibi linajifungua, linaangalia mwembe linajibana, halafu ubongo unaunganisha bila kukuambia. Kamera inafungua mara moja, kwa kipimo kimoja, kwa vitu vyote. Ukiifungulia bibi, mwembe unaungua. Ukiifungulia mwembe, bibi anakuwa mkaa.

Watu wengi niliowauliza hapa hosteli wanadhani HDR ililetwa na simu. Hapana. Tatizo hili lina umri karibu sawa na fotografia yenyewe. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1850, alikuwa anapiga picha za bahari kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodiani. Yale mabamba yalikuwa yanaona sana mwanga wa buluu na yanaona vibaya rangi nyingine, kwa hiyo anga lilikuwa linaungua na kuwa jeupe kabla nchi kavu haijaanza hata kuonekana. Le Gray akafanya ujanja: bamba moja kwa ajili ya anga, jingine kwa ajili ya maji, halafu wakati wa kusafisha picha anaziunganisha pale kwenye mstari wa upeo wa macho. Picha yake ya wimbi kubwa, aliyoipiga Sète kusini mwa Ufaransa mwaka 1857, inajulikana mpaka leo. Mawingu mengine alikuwa anayatumia tena kwenye picha zaidi ya moja, mzee wa kubana matumizi. (Alimalizia maisha yake Afrika, alifariki Cairo mwaka 1884.)

Kwenye mitandao mtaona anaitwa baba wa HDR. Mimi sikubaliani, na kwenye insha nimeandika hivyo hivyo, tutaona lekchara atasemaje. Le Gray aliunganisha vipande viwili kama fundi cherehani anavyounga vitambaa. Upeo wa bahari ni mstari mnyoofu, rahisi. Hebu jaribu kukata bibi na mwembe kwa mstari mnyoofu wakati tawi limepita nyuma ya sikio lake.

Baadaye filamu zikaboreka, na mwaka 1890 Hurter na Driffield kule Uingereza wakachora mchoro unaoonyesha kwa namba jinsi bamba linavyoitikia mwanga. Hapo ndipo watu walipoona waziwazi kwamba filamu ina mkia na ina kichwa: chini sana haioni, juu sana inashiba, na katikati tu ndiyo inasema kweli. Kumbukeni huo mchoro, utarudi.

Sasa kuna kitu kinachoitwa braketi, yaani mabano. Unapiga picha ileile mara tatu: moja yenye mwanga kidogo, moja ya kawaida, moja yenye mwanga mwingi. Wapiga picha wa slaidi za rangi walikuwa wanafanya hivyo sana kwa sababu filamu ile haikusamehe makosa, ukikosea hatua moja umeharibu. Lakini angalieni lengo lao. Walipiga tatu ili wachague moja, zile mbili ni za kutupa. Ilikuwa bima. Kwangu mimi hapa ndipo historia yenyewe inapopinda: ni lini watu waliacha kutupa zile mbili?

Jibu la kwanza linatoka mahali pabaya. Marekani ilipokuwa inajaribu mabomu ya nyuklia, walitaka picha za mlipuko, na mlipuko ule una mwanga ambao hakuna filamu ya kawaida inayoubeba. Charles Wyckoff akatengeneza filamu yenye matabaka matatu, kila tabaka na wepesi wake wa kushika mwanga. Bonyezo moja, rekodi tatu, na hakuna hata moja ya kutupa. Mabano ndani ya filamu moja. Inaniudhi kidogo kwamba njia ya kuelekea uso wa bibi yangu ilipitia kwenye bomu, lakini ndivyo ilivyo.

Jibu la pili ni la kompyuta. Steve Mann, akiwa MIT, aliandika mwaka 1993 na tena mwaka 1995 akiwa na Rosalind Picard kuhusu kuchukua picha kadhaa za kitu kilekile zenye mwanga tofauti na kuzifanya kuwa rekodi moja. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakaja na njia ambayo wengi waliifuata. Hapa ndipo mchoro wa 1890 unaporudi: kamera ya dijitali nayo ina mkia na kichwa, mwanga ukiongezeka mara mbili namba kwenye faili haiongezeki mara mbili. Wao wakaonyesha kwamba ukiwa na picha kadhaa na unajua kila moja ilifunguliwa kwa muda gani, kompyuta inaweza kuukisia huo mchoro wa kamera yako, halafu ikarudi nyuma na kukuambia mwanga halisi uliokuwepo. Kamera inadanganya, lakini inadanganya kwa utaratibu, kwa hiyo unaweza kuijua.

Mfano wao maarufu ni kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford, ndani, na vioo vya rangi vikiwaka. Picha 16, kuanzia sekunde 30 mpaka 1/1000 ya sekunde, kila moja nusu ya iliyotangulia. Nikajumlisha: 30, na 15, na kama 8, na 4, na 2... inakaribia dakika nzima shata ikiwa wazi, bila kuhesabu muda wa kubadilisha. Kanisa halina shida, limekaa tu. Kamera iko kwenye stendi ya miguu mitatu. Hakuna mtu kwenye picha. Bibi yangu hawezi kukaa hivyo, na akiweza, kuku hawezi, na mwembe hauwezi kabisa, Pangani kuna upepo wa bahari kutwa.

Na hicho ndicho kitu nilichokigundua nilipokuwa nasoma: kuanzia Le Gray mpaka Stanford, majibu karibu yote yanadai utulivu. Stendi, jengo, bahari ya mbali. Mwenye mkono unaotikisika na kitu kinachopumua mbele yake hakuwepo kwenye hesabu.

Aliyemwingiza kwenye hesabu, kwa maandishi niliyoyaona mimi, ni Greg Ward. Mwaka 2003 alichapisha njia ya kupanga picha za mabano zilizopigwa kwa mkono ili zikae moja juu ya nyingine. Ukisikia hivyo unaweza kusema kuna ugumu gani? Ugumu ni kwamba picha zenyewe hazifanani. Kwenye moja bibi ni mweusi, kwenye nyingine yupo wazi, ukiiambia kompyuta "tafuta panapofanana" inachanganyikiwa.

Jibu la Ward wanaelimu wenzangu mtalipenda. Chukua darasa la wanafunzi 41. Mwalimu mkali akisahihisha mtihani, wote wanapata maksi za chini. Mwalimu mwenye huruma akiusahihisha uleule, wote wanapanda. Maksi zimebadilika, lakini mpangilio haujabadilika: aliyekuwa wa ishirini na moja ni yule yule, na walio juu yake ni wale wale. Ward akafanya hivyo kwa pikseli. Chukua picha, tafuta mwanga wa pikseli ya katikati kabisa, zilizo juu yake zipake nyeupe, zilizo chini yake zipake nyeusi. Fanya hivyo kwa picha ya giza na kwa picha ya mwanga, unapata michoro miwili ya nyeusi na nyeupe inayokaribia kufanana! Mwalimu mkali na mwenye huruma wametoa orodha moja. Kilichobaki ni kuisogeza michoro mpaka ikae sawa. Na ili isichukue siku nzima, anaanza na picha iliyopunguzwa sana, anasogeza pikseli moja huku au kule, anarudi kwenye kubwa kidogo, anasogeza tena, hivyo hivyo mpaka saizi kamili. Zile pikseli zilizo karibu mno na mstari wa katikati anaziacha, kwa sababu ndizo zinazoyumba, kama wale wanafunzi wa maksi 39 na 40.

Nilipoielewa hii nilikuwa maktaba na nikasema "aisee!" kwa sauti, dada wa mapokezi akanitolea macho.

Ina kikomo lakini. Inasogeza juu, chini, kushoto na kulia tu. Ukipindisha mkono kidogo, haina la kufanya. Na kitu kilichosogea chenyewe, jani au mkono wa bibi, hakipangiki, kinatoka kama mzuka. Vile vidole saba.

Sasa tuje kwenye kamera ya mjomba. Ni Canon PowerShot ndogo ya mwaka 2007, mfululizo wa A, inakula betri mbili za kawaida kama redio. Menyu yake haina mabano. Lakini kuanzia miaka ya 2006 na 2007 kuna watu, wengi wao ni programa wa kujitolea tu, walichimba ndani ya kamera hizi na kutoa kitu kinachoitwa CHDK. Haibadilishi kamera yako. Unaiweka kwenye memori kadi, unasukuma kile kiswichi kidogo cha pembeni cha kufunga kadi, unawasha, na kamera inasoma programu kutoka kwenye kadi. Ukitoa kadi, kamera imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Na ndani yake unaweza kuandika skripti, yaani orodha ya amri, kwa lugha ndogo ya Besiki. Mtu mwenye kamera ya bei rahisi akapata mambo ambayo kampuni iliyaweka kwenye kamera za bei mbaya. Wakati ule wapenzi wa HDR waliitumia sana kwa sababu hiyo.

Kilichonisumbua zaidi ni kadi. Kamera za umri huu hazielewani na kadi kubwa za leo kwenye kazi hii, nilitaka ya 2GB. Nimeitafuta Kariakoo nusu siku! Vijana wa madukani wananiangalia kama nimeomba kaseti. Mwishowe nikaipata kwenye droo ya fundi redio.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa ya kitoto: piga, punguza mwanga hatua mbili, piga, ongeza, piga. Nikaijaribu korido ya hosteli yetu, mlango wa mwisho ukiwa wazi na jua nje, rumeti wangu amekaa kwenye ndoo anakula mihogo akiwa badala ya bibi. Ukutani kuna msumari. Nikawa naangalia msumari umehama pikseli ngapi kati ya picha na picha, nikaandika kwenye daftari. Seti ishirini.

Matokeo mabaya. Msumari ulikuwa unahama pikseli zaidi ya mia kwenye picha yenye upana wa pikseli elfu tatu na kidogo. Sababu nikaziona moja moja. Amri ya "piga" inafanya kazi nzima kila mara: inatafuta fokasi upya, inapima mwanga upya, ndiyo inapiga. Kati ya picha moja na nyingine zinapita kama sekunde tatu, na mkono wa mtu hautulii sekunde tatu. Fokasi nayo ikibadilika, ukubwa wa vitu unabadilika kidogo, kwa hiyo hata ukisogeza havikai.

Skripti ya pili ikabonyeza nusu mara moja tu, ikashikilia fokasi na kipimo, halafu ikawa inabadilisha muda wa shata peke yake. Nikazima pia kile kitendo cha kamera kukuonyesha picha uliyopiga. Muda ukapungua karibu nusu. Afadhali, lakini picha ya kwanza ya kila seti bado imetikisika. Nimekaa na hilo usiku mzima. Kumbe ni kidole changu! Skripti inaanzishwa kwa kubonyeza shata, na ule mbonyezo wenyewe unaisukuma kamera chini. Nikaongeza mstari mmoja wa kusubiri sekunde moja na nusu kabla ya kuanza. Tatizo likaisha. Mstari mmoja!

Jambo la mwisho ni mpangilio. Picha zangu zilikuwa 1/500, 1/125 na 1/30 ya sekunde. Kuna kanuni ya zamani kwamba bila stendi usishuke chini ya moja juu ya urefu wa lenzi, na lenzi hii ikiwa haijavutwa ni sawa na milimita 35, kwa hiyo 1/30 ipo ukingoni kabisa. Ile 1/500 haitikisiki hata ukiwa kwenye daladala. Basi picha ngumu iende kwanza, wakati bado umebana pumzi. Nikageuza: 1/30, 1/125, 1/500. Kwenye seti ishirini za mwisho, kumi na nne zilipangika vizuri na programu za bure za Hugin, na Enfuse ikaziunganisha.

(Halafu siku ya tatu nikakuta CHDK yenyewe ina mabano kwenye menyu, unashikilia shata tu inapiga mfululizo. Nimelala na hasira. Ila ile inakutaka ushikilie kidole muda wote, na kidole ndicho adui, kwa hiyo nimebaki na yangu.)

Kwa nini Enfuse? Kwa sababu mnakumbuka zile picha za HDR za miaka ya 2000, mawingu ya zambarau, kila jengo lina mwanga unaozunguka kingo zake kama malaika. Hiyo ilitokana na kuubana mwanga wa hatua kumi ndani ya kioo kisichoweza kuuonyesha, na watu wakivuta vitufe mpaka mwisho. Mwaka 2007 Mertens, Kautz na Van Reeth walipendekeza njia nyingine: usihesabu mwanga halisi kabisa, chukua tu kutoka kila picha yale maeneo yaliyotoka vizuri, uyachanganye taratibu. Kitaaluma ni ya kawaida kuliko ya Debevec. Kwa uso wa mtu mimi naona ni bora mara kumi. Ngozi inabaki ngozi.

Najua mnachotaka kusema, mdau, kwamba simu nzuri inafanya haya yote kwa kubonyeza mara moja. Ni kweli, na jinsi ilivyofika hapo ndiyo sehemu iliyonishangaza kuliko zote. iPhone ilipopata HDR mwaka 2010, ilikuwa mabano yale yale, picha tatu zikiunganishwa. Lakini Google walipotoa HDR+ kwenye Nexus 5 mwaka 2013, waliyaacha mabano. Picha nyingi, haraka haraka, ZOTE kwa kipimo kimoja, na zote za giza kidogo ili anga lisiungue. Kivuli kinatoka na chenga, ndiyo, lakini ukijumlisha picha tisa chenga zinapungua mpaka theluthi moja, kwa hiyo unaweza kukiinua kivuli baadaye. Na kwa kuwa picha zote zinafanana, kuzipanga ni rahisi, huhitaji hata mwalimu mkali na mwenye huruma. Na kwa kuwa zote ni fupi, hakuna 1/30 ya kuogopa.

Yaani miaka yote watu wanahangaika kupanga picha zisizofanana, na jibu likawa ni kupiga zinazofanana. Halafu, ili historia isiwe nyepesi, mwaka 2021 Google hao hao wakaeleza kwamba wamerudisha picha ndefu ndani ya fungu kwenye simu zao mpya za wakati ule, kwa sababu kivuli kizito bado kilikuwa kinawashinda. Mabano yamerudi kwa mlango wa jikoni.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi la Tanga alfajiri. Bibi alikuwa ameshavaa leso yake ya sikukuu na amekaa kwenye kigoda kabla sijamaliza kunywa uji. Nikamwambia, "Bibi, nikibonyeza usitikisike mpaka nihesabu tano." Akasema, "Kwani naumwa?"

Nilipiga seti kumi na moja. Kwenye nne alikuwa anaongea. Kwenye mbili kuku alipita. Moja mimi mwenyewe nilipiga chafya. Nilizifungulia pale pale kwenye kompyuta ya binamu na tukapata mbili safi. Moja ndiyo aliyoichagua: uso wake upo wote, na kovu la kwenye shavu, na nyuma yake mwembe mpaka rangi ya shina, na ukuta wa jirani uliopasuka. Ukiangalia sana majani ya juu kushoto yametoka mara mbili mbili, upepo huo. Nilimwonyesha, nikamwambia hapo pameharibika, nikitaka naweza kujaribu tena.

Akaisogeza karibu na macho. "Hilo tawi," akasema, "ndilo babu yako alilokuwa anafunga kamba ya kuanika." Kuhusu majani hakusema kitu.

Tumesafisha nakala tatu Tanga mjini, moja yake, moja ya mama, moja iko hapa mezani nimeiegemeza kwenye kikombe. Betri za kamera zimekufa njiani nikirudi. Ijumaa tuna test ya saikolojia ya elimu na sijafungua hata daftari, mwenye notsi za topiki ya nne anitafute Hall yetu, nipo mpaka usiku.